Linux ipi kwa kompyuta ya nyumbani? Maswali manne kabla ya kuchagua

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11, iliyoshika nafasi yake, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 angalau na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta nyingi za okazyo tunazonunua huku kwetu hazifikii masharti hayo. Mwenye kompyuta ya namna hiyo amebaki na njia tatu: anunue mashine mpya, aendelee na mfumo usiolindwa tena, au aweke mfumo mwingine wa bure, yaani Linux.

Makala hii inaeleza njia ya tatu kwa mwanafunzi asiyesoma informatiki. Jambo linalowashinda wengi si kusakinisha. Wanashindwa kuchagua, kwa sababu Linux zipo nyingi na kila mtu husifu ya kwake. Uchaguzi unakuwa rahisi ukiuliza maswali manne kuhusu mashine, mega, watu na muda. Uzuri wa sura ya skrini unakuja mwisho.

Kiini kimoja, majina mengi

Kwa maana kamili, Linux ni kiini tu: ile sehemu ya ndani inayounganisha programu na prosesa, diski na kibodi. Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida. Lazima kiongezewe skrini yenye madirisha, kivinjari, programu za kuandikia na njia ya kupata masasisho. Kundi linalokusanya vitu hivyo na kuvitoa vikiwa tayari linatengeneza kile kinachoitwa distro. Ni kama unga wa mahindi: unga ni ule ule, lakini kila nyumba inasonga bukari kwa mkono wake.

Kwa nyumbani, majina machache yanatosha. Debian ilianza mwaka 1993 na ni mama wa distro nyingi. Ubuntu ilizaliwa kutoka Debian mwaka 2004, kwa mtaji wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake msomaji wa kitivo chetu atalitambua bila kamusi, kwa kuwa lina mzizi ule ule wa -ntu uliomo katika muntu na bantu, na maana yake ni utu. Linux Mint ilitoka Ubuntu mwaka 2006, ikianzishwa na Mfaransa Clément Lefèbvre. Xubuntu na Lubuntu ni ndugu wepesi wa Ubuntu, kwa ajili ya mashine zenye nguvu ndogo.

Swali la kwanza: mashine ina nguvu gani?

Kifaransa hutumia neno moja, mémoire, kwa kazi ya mwisho wa masomo na kwa RAM ya kompyuta. Anayepungukiwa na ya pili huchelewa kumaliza ya kwanza. Kwa hiyo anza kwa kuipima RAM. Ukiwa bado kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha soma mistari miwili: aina ya mfumo na kiasi cha RAM.

Ukiona GB 8 au zaidi, una uhuru wa kuchagua: Ubuntu au Linux Mint yenye sura ya Cinnamon zitakwenda vizuri. Ukiona GB 4, chukua Linux Mint yenye sura ya Xfce, au Xubuntu. Ubuntu 24.04 yenyewe inaomba GB 4 na nafasi ya GB 25 kwenye diski, lakini ukifungua kivinjari na hati ndefu kwa pamoja utaanza kusubiri. Ukiona GB 2, jaribu Lubuntu, na uzoee kufungua dirisha moja au mawili tu.

Kama aina ya mfumo haitaji x64, huenda umewekewa Windows ya biti 32, au prosesa yenyewe ni ya zamani sana. Ubuntu na Mint zimeacha kutengenezea mashine za biti 32. Debian 12 ya mwaka 2023 ilikuwa bado na kisakinishi chake, lakini Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena. Mashine kama hiyo ifanye kazi ya kuandika tu, na usiinunue leo hata kwa bei ya chini.

Kuna jambo jingine wauzaji hawalisemi mara nyingi. Kama kompyuta ina diski ya zamani inayozunguka, kuibadilisha kwa SSD ndogo kutaongeza kasi kuliko kubadilisha distro yoyote.

Swali la pili: utalipa mega ngapi?

Faili la Ubuntu 24.04 lina karibu GB 6. La Linux Mint lina karibu GB 3. Kwa mwenye intaneti ya mkataba nyumbani tofauti hiyo si kitu. Kwa anayenunua mega kwa siku, ni fedha za chakula. Tena Ubuntu hutoa baadhi ya programu zake, Firefox ikiwemo, katika umbo la snap, ambalo kwa kawaida ni zito kupakua. Mint imeizuia snap tangu mwanzo wa usakinishaji, na kisasisho chake kinakuonyesha ukubwa wa kila kitu kabla hujakubali.

Si lazima kila mtu apakue faili lake. Sheria za distro hizi zinaruhusu kunakili na kugawa bila kuvunja haki ya mtu yeyote. Promosheni moja inaweza kuchangia mega mara moja, kisha faili likapita kutoka flashi hadi flashi. Sharti ni kuhakikisha kwamba halikuharibika njiani. Kwenye tovuti ya kila distro kuna alama iitwayo SHA256, yenye herufi na tarakimu 64. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kama alama mbili hazilingani hata kwa tarakimu moja, faili hilo usilitumie.

Swali la tatu: nani karibu nawe anaijua?

Siku sauti itakapokataa au printa itakapogoma, msaada wa kwanza utatoka kwa jirani, mwenzako wa darasani au fundi wa mtaa. Distro bora isiyojulikana na mtu yeyote mjini kwako ni mzigo. Kwa hiyo uliza kwanza, na kama kuna mtu anayetumia Ubuntu au Mint, mfuate. Hizi mbili zina msingi mmoja, hivyo maelezo mengi ya Ubuntu yanafaa pia kwa Mint. Aidha, jumuiya ya wasemaji wa Kifaransa, ubuntu-fr, imeandika maelezo mengi ambayo mwanafunzi wa Kongo anaweza kuyasoma bila taabu.

Swali la nne: itadumu miaka mingapi?

Kila distro ina tarehe ya mwisho wa masasisho. Ubuntu hutoa kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, toleo la muda mrefu lenye herufi LTS, linalotunzwa kwa miaka 5. Linux Mint 22 inategemea toleo la namna hiyo na itatunzwa hadi mwaka 2029. Xubuntu na Lubuntu za LTS hutunzwa miaka 3. Fedora, ambayo ni nzuri, huisha baada ya miezi 13 hivi, na hapo inabidi kupakua tena kitu kikubwa. Arch hubadilika bila kupumzika na humtaka mtumiaji ajenge mambo mengi mwenyewe.

Tuseme pia neno juu ya Kali, inayopendwa na vijana kwa sababu ya sinema za wadukuzi. Imetengenezwa kwa ajili ya wataalamu wa kupima usalama wa mitandao, na watengenezaji wake wenyewe hawaishauri kwa mtu anayeanza. Msemaji wa Kiswahili ameshaonywa na jina lake.

Jaribu kabla ya kuoa

Distro hizi huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Tafuta flashi ya GB 8, ondoa vyote vilivyomo kwa sababu vitafutwa, kisha uandike faili la distro juu yake kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12, F9 au Esc kulingana na mashine, kisha chagua flashi.

Ukiwa humo, fanya majaribio matano: Wi-Fi, sauti, kibodi, kufunga kifuniko na kukifungua tena, na kuunganisha projekta kama unaweza. Wi-Fi ikikataa, chomeka simu kwa kebo na ushiriki intaneti yake, maana mara nyingi Linux huitambua mara moja. Usiihukumu kasi wakati huu, kwa sababu flashi ni nzito kuliko diski.

Ukiridhika, nakili kazi zako zote mahali pawili nje ya kompyuta. Zima Windows kabisa kwa kushika kitufe cha Shift unapobofya kuzima. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha una ufunguo wake. Betri iwe imejaa, kwa sababu umeme ukikatika wakati diski inagawanywa unaweza kupoteza kila kitu. Ukitaka kuibakiza Windows, chagua kusakinisha pembeni yake. Usifanye kazi hii mwezi wa kutetea memwari.

Kinachotuhusu sisi wa lugha

Kwetu sisi swali kubwa ni kuandika. Linux Mint na Ubuntu zina LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi faili za docx. Fonti ya Liberation Serif ina vipimo sawa na vya Times New Roman, kwa hiyo kurasa hazirukiruki sana. Hata hivyo, majedwali na maoni ya pembeni huweza kusogea. Ukienda kuchapisha, peleka PDF, na docx iwe ya kumpa profesa anayetaka kusahihisha. Kwa sababu ya umeme unaokatika, punguza pia muda wa LibreOffice kujihifadhia kutoka dakika 10 hadi 2 au 3.

Faida ya pili ni kibodi. Katika orodha ya kibodi za Linux kuna moja iliyotayarishwa kwa ajili ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Imejengwa juu ya AZERTY tuliyoizoea, na inatoa herufi kama ɛ na ɔ pamoja na alama za toni. Anayeandika mifano ya Kilingala hana haja tena ya kuokota herufi moja moja kwenye jedwali la alama. LibreOffice nayo ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Programu za fonetiki na za kunukuu mazungumzo, Praat na ELAN, zipo pia kwa Linux, bila malipo.

Kisha kuna virusi vya flashi, vile vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato za uongo. Vimeandikwa kwa Windows na haviendeshwi kwenye Linux. Ukifungua flashi iliyochafuliwa, mara nyingi utaona folda zako za kweli zipo bado. Jihadhari tu usimpelekee mwenzako virusi hivyo.

Mapungufu yapo. Microsoft Office yenyewe haisakinishwi kwenye Linux kwa njia ya kawaida, na baadhi ya printa hazina programu yake. Sura ya Kifaransa ni kamili, ingawa huenda ukaongeza mega chache kupakua pakiti ya lugha. Sura ya Kiswahili bado haijakamilika. Hapo Linux inatugusa moja kwa moja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, ushahidi kwamba lugha yetu inaweza kuongoza programu nzima. Tafsiri za Ubuntu, Mint na LibreOffice hufanywa na watu wa kujitolea, na mlango uko wazi kwa mwanafunzi yeyote anayejua kuchagua neno. Windows haitupi nafasi hiyo.

Kwa anayetaka jibu fupi: mwenye GB 4 za RAM na mega chache achukue Linux Mint Xfce, mwenye GB 8 achukue Mint Cinnamon, au Ubuntu LTS kama marafiki zake wanaitumia, mwenye GB 2 ajaribu Lubuntu. Aandike hati moja ya kurasa kumi ndani ya mfumo wa flashi, aifungue kwenye kompyuta ya mwenzake, na ndipo aamue.