Dola 100, dola milioni 114, na gharama isiyoandikwa kwenye ankara

Mwaka 1937 Chuo Kikuu cha Stanford, California, kiliwapa ndugu wawili, Russell na Sigurd Varian, nafasi ya maabara na dola 100 kwa mwaka za kununulia vifaa. Mshahara, hakuna. Mwaka huohuo wakapata klistroni: bomba lisilo na hewa ambalo hupanga elektroni mafungu mafungu na kuvuna kutoka kwazo mawimbi ya maikrowevu. Mwaka 1961 Bunge la Marekani liliidhinisha dola milioni 114 kujenga palepale Stanford kichapuzi, yaani mtambo wa kuongezea elektroni nishati, kinachoendeshwa na klistroni. Miaka 24, na bajeti imekua zaidi ya mara milioni moja.

Edward Ginzton, mzaliwa wa Ukraine, aliyaona yote mawili. Alijiunga na kazi ya klistroni akiwa mwanafunzi, na baadaye akaongoza maandalizi ya mtambo huo mkubwa.

Katikati kuna William Hansen, mwanafizikia wa hapohapo Stanford. Kichapuzi chake cha mwaka 1947 kilikuwa bomba la mita 3.6 tu, ambamo wimbi lilisukuma elektroni hadi nishati ya elektronivolti milioni 6. Hansen alifariki mwaka 1949, hajatimiza miaka 40. Ginzton na mwenzake Marvin Chodorow wakashughulikia kilichokwamisha kazi, yaani nguvu ya mawimbi. Klistroni za wakati ule zilitoa nguvu ndogo mno kwa kazi hiyo. Wao wakalenga, na wakafika, megawati 20 na zaidi.

Mtambo wa Stanford ulikamilika mwaka 1966: kilomita 3.2, elektronivolti bilioni 20, klistroni zipatazo 245. Gawanya bajeti kwa urefu, kila mita imekula dola 35,600 hivi, kwa thamani ya fedha ya wakati ule. Ghali, ndiyo. Lakini ukilinganisha na bomba la Hansen, urefu umeongezeka takriban mara 900 na nishati mara 3,300. Tofauti hiyo imetokana na klistroni, wala si wingi wa shaba ya mabomba.

Msomaji wa haraka atashtuka akisikia kila klistroni ilitoa megawati 24. Asikimbilie kuzidisha kwa 245. Nguvu hiyo ilitoka kwa mikrosekunde 2.5, yaani sehemu ndogo mno ya sekunde, mara 360 kila sekunde. Ukipiga wastani, klistroni moja inabaki na kilowati 22 hivi. Megawati 24 ni kilele. Bili ya umeme hufuata wastani. Marudio yenyewe ya wimbi ni megahezi 2,856, jirani kabisa na megahezi 2,450 za oveni ya maikrowevu jikoni.

Kwa wanafizikia, fedha ile ilirudi kwa ushahidi wa kwaki, chembe ndogo zilizo ndani ya protoni, uliotunukiwa Nobeli ya mwaka 1990. Kwa sisi wengine faida ya vichapuzi ilifika kwa njia fupi zaidi, hata kabla ya fedha ile kuidhinishwa. Mwaka 1956 Ginzton na daktari Henry Kaplan walitumia kichapuzi cha elektronivolti milioni 6, nishati ileile ya Hansen, kumtibu mtoto wa miaka 2 mwenye saratani ya jicho, jicho likapona. Leo nishati hiyo hupatikana katika bomba la sentimita 30 hivi. Mashine za sayansi zimerefuka, za hospitali zimefupika.

Mashine za aina hiyo zipo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali za Nairobi. Kwa miaka mingi kazi ya kutibu saratani kwa mionzi ilifanywa na kobalti-60, ambayo hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5.3, itumike isitumike. Kichapuzi hakichakai namna hiyo, ila kinadai umeme usioyumba, maji ya kupoza na fundi anayeyajua maikrowevu. Kwa hiyo, enyi mnaopanga bajeti za hospitali, msiishie kwenye bei ya kununulia: ulizeni kwanza fundi huyo yuko wapi, na nani anamlipa.