UZAMILI WA KUIMBISHA WATOTO?

Msikilizaji wetu mmoja wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, ameniletea barua ambayo nimeisoma mara tatu. Ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya serikali. Anayo shahada ya kwanza ya elimu ya awali, amefundisha miaka saba, na katika upatu wa walimu wenzake zamu yake imekaribia. Anauliza: fedha hizo azitie katika ada ya shahada ya uzamili, au amalizie nyumba? Anaongeza kwamba shemeji yake alimcheka mbele za watu akimwuliza, "Yaani uzamili wa kuimbisha watoto?"

Huyo shemeji tusimfukuze haraka, maana kicheko chake ni cha watu wengi. Hapa mjini darasa hilo tumelizoea kwa jina la "vidudu". Mwalimu wa vidudu, katika fikra za wengi, ni binti aliyekosa nafasi kwingine, mwenye sauti nzuri na subira ya kufuta makamasi. Hata shuleni kwenyewe mwalimu akishindwa darasa la saba huhamishiwa huko chini, kama kwamba huko hapana kazi.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyoiingiza rasmi elimu ya awali katika mfumo wa shule, kwa watoto wa miaka 5 na 6. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Januari 2016 ada zikafutwa, na wazazi wakaitikia wito. Watoto wa awali waliokuwa kama milioni 1 mwaka 2015 wakafika milioni 1.5 mwaka uliofuata. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Takwimu za serikali za baada ya mafuriko hayo zilionyesha kwamba katika shule za umma mwalimu mmoja mwenye sifa alikuwa na watoto zaidi ya 100 kwa wastani. Mwenzetu wa Mbagala anao tisini na kitu. Basi shemeji na akae nao kuanzia saa mbili hadi saa nne tu, halafu aje tuzungumze habari ya kuimbisha.

Na kwa nini jambo hili lihitaji msomi? Katika jimbo la Michigan, Marekani, uko mji uitwao Ypsilanti. Kuanzia mwaka 1962, David Weikart na wenzake waliwachukua watoto 123 wa familia maskini za watu weusi, wakawagawa kwa bahati nasibu. Watoto 58 waliingia chekechea nzuri wakiwa na miaka 3 au 4, na 65 hawakuingia. Kisha wakawafuatilia. Si mwaka mmoja wala miwili, la hasha, waliwafuatilia mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Katika wale waliosoma chekechea, 77 kati ya kila 100 walikuwa wamemaliza sekondari, na katika wenzao ni 60. Mapato yao yalikuwa makubwa zaidi, na waliokamatwa mara kwa mara na polisi walikuwa wachache zaidi. James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, alikuja kupiga hesabu za mradi huo na kuonyesha kwamba fedha iliyowekwa kwa mtoto mdogo hurudi na faida.

Lakini wanaoutaja mradi ule katika warsha zetu husahau jinsi ulivyoendeshwa. Mwalimu mmoja alikuwa na watoto kama sita. Alikuwa amesomea kazi hiyo. Na kila juma alikwenda nyumbani kwa mtoto kukaa na mama yake. Ukiyaondoa hayo ukabaki na jina tu la chekechea, usitegemee matokeo yale.

Upande wa pili wa hoja uko karibu zaidi na sisi. Mwaka 1986, Mombasa, Bi Swafiya Said alianzisha mpango wa madrasa za awali kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mpango ambao baadaye ulivuka kuja Zanzibar na kufika Uganda. Walimu wake walikuwa akina mama na mabinti wa mtaani, wengi wao wenye elimu ndogo ya shule. Walifundishwa, wakatengeneza vifaa kwa vifuu, vitambaa na kokwa, na zaidi ya yote wakatembelewa darasani mara kwa mara na mtu aliyeijua kazi kuliko wao. Shule hizo zilisifiwa, wala hapakuwa na shahada ukutani. Kwa hiyo atakayesema kwamba bila uzamili huwezi kumfundisha mtoto wa miaka mitano, asiaminiwe.

Msomaji atauliza: basi uzamili ni wa nini? Jibu langu limo katika mfano huo huo wa Mombasa. Binti wa mtaani alifaulu kwa sababu nyuma yake alisimama mtu wa kumwonyesha, kumsahihisha na kumtengenezea mtaala. Huyo wa nyuma ndiye anayehitaji kusoma sana. Shahada ya uzamili katika fani hii si ya kuwa mwalimu bora wa watoto, ni ya kuwa mwalimu wa walimu. Ajuaye hivyo kabla hajalipa ada amejiokoa na majuto.

Tuitazame shahada yenyewe. Katika ngazi za sifa za vyuo vikuu vyetu, shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, uzamili ni ya 9 na uzamivu ni ya 10. Vyuo vingi humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7. Masomo huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma hufundisha elimu ya awali katika shahada ya kwanza na vina shahada za uzamili za elimu. Chuo Kikuu cha Aga Khan kina taasisi yake ya elimu hapa Dar es Salaam. Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Kenyatta kimekuwa kikitoa wataalamu wa fani hii miaka mingi. Nako Kenya soko ni pana kidogo, kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 iliwakabidhi wasimamizi wa kaunti shule za awali, na kila kaunti huhitaji watu wa kuziendesha.

Mwaka wa kwanza ni wa darasani, na aliyezoea kusoma huumudu. Panapowakwamisha wengi ni tasnifu. Kwanza upate swali linaloweza kujibiwa. "Changamoto za elimu ya awali Tanzania" si swali, ni malalamiko. Lakini "Watoto wa Mbagala wanaotoka nyumbani wakijua kuhesabu fedha za dukani hujifunzaje namba darasani?" hilo ni swali, na mwenzetu ana miaka saba ya kulijua. Kisha zije barua: kibali cha utafiti kutoka chuoni, upite nacho mkoani, wilayani, kwa mkurugenzi wa halmashauri, ndipo umfikie mwalimu mkuu. Na kwa kuwa watafitiwa ni watoto, wazazi lazima waridhie. Hesabu miezi, usihesabu siku.

Hapo nina neno langu. Mtoto yule anahesabu kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma akiwa Magu, na mama yake anahojiwa kwa lugha hiyo hiyo. Halafu tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, inajalidiwa, inawekwa maktaba. Mwalimu wa darasa la jirani hataisoma kamwe. Nimepewa kadhaa kwa ajili ya vipindi vyangu, na ndani yake nimekuta mambo ambayo mama yeyote wa Mbagala angefurahi kuyajua.

Je, ukihitimu unakwenda wapi? Mlango wa kwanza ni vyuo vya ualimu, kuwa mkufunzi. Huo naupenda kuliko yote, maana wapo wakufunzi wa elimu ya awali ambao hawajawahi kushinda hata muhula mmoja na watoto wa miaka mitano, na wanafunzi wao huwagundua mapema. Mlango wa pili ni Taasisi ya Elimu Tanzania, inakotungwa mitaala, pamoja na ofisi za elimu. Mlango wa tatu ni miradi na mashirika. Huko kazi ziliongezeka baada ya serikali kuzindua, Desemba 2021, programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto wa miaka 0 hadi 8. Tahadhari ni kwamba ajira za miradi huisha na mradi.

Wapo wanaotaka kufungua kituo chao. Hao wajue kwamba kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kwa upande wa ustawi wa jamii, na darasa la awali kwa upande wa elimu. Ni ofisi mbili na wakaguzi wawili, na shahada haikuondolei hata fomu moja.

Kuhusu mshahara, nisimdanganye mtu. Walimu wa serikali hupangwa kwa ngazi: TGTS B kwa cheti, C kwa stashahada, D kwa shahada. Asiye na shahada akiipata, hatua yake inaonekana. Aliyekwisha kuwa D asidhani kwamba uzamili utampandisha siku ya pili akibaki darasani pale pale. Na hili naliona ni kasoro kubwa: mfumo humtaka mwalimu bora wa watoto aondoke kwa watoto ndipo aheshimiwe.

Basi, dada mwalimu, swali la kujiuliza kabla ya lile la upatu ni hili: miaka kumi ijayo unataka kuamkia wapi? Ukijibu kwamba ni kwenye mkeka na watoto wako, maliza nyumba. Ukijibu kwamba ni chuoni, ukiwafundisha watakaokaa kwenye mkeka huo, nenda kasome, na miaka yako saba itakuwa mtaji ambao wenzako wengi darasani hawatakuwa nao. Lakini usilipe shilingi kabla ya ruhusa ya mwajiri kuwa mkononi kwa maandishi, maana mtumishi aliyekwenda masomoni bila ruhusa hujikuta matatani. Mwulize ofisa utumishi kama utaendelea kupokea mshahara. Omba pia ufadhili, kama ule wa Jumuiya ya Madola na wa DAAD ya Ujerumani, ambao umewasomesha Watanzania wengi. Barua ya kuomba ruhusa ipitie kwa mwalimu mkuu, nawe ubaki na nakala yenye mhuri.