Kadi za Mchezo wa Afya: Tayarisheni Picha Vizuri Kabla ya Kuchapa



Wengi wenu mmeucheza ule mchezo wa kadi za picha katika mafunzo ya afya. Watu hupanga kadi mafungu matatu: tabia nzuri, mbaya, na ya katikati. Ni sehemu ya mbinu ya PHAST, iliyoanza kujaribiwa Kenya, Uganda, Botswana na Zimbabwe mwaka 1993. Hata asiyejua kusoma hucheza, na ubishi juu ya kadi moja hufundisha kuliko hotuba ndefu.

Hapa Kapseret tuliamua kutengeneza kadi za kwetu: ng'ombe kisimani, kibuyu cha mursik kilichoachwa wazi, mama akinawa mikono kando ya choo. Tukachanga pesa, tukapeleka picha mjini Eldoret. Zilipotoka, jamani! Vichwa vimekatwa, maandishi yameliwa ukingoni, na yule mama alikuwa na ukungu hadi mzee mmoja akauliza kama anakamua ng'ombe. Mchango wa miezi miwili ulikuwa umekwenda. Mchapaji alichapa tu kile tulichompa. Kosa lilikuwa letu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Ukubwa na idadi. Kadi ya kawaida ya kuchezea ni milimita 63 kwa 88. Ulizeni karatasi moja ya mchapaji inabeba kadi ngapi, ndipo mpange idadi. Ikibeba 9, kadi 36 ni karatasi 4 kamili. Kadi 37 zitadai karatasi ya tano.

2. Ziada ya kukatwa. Mashine hukata rundo zima kwa mpigo mmoja, na karatasi husogea kidogo. Kwa hivyo rangi ya nyuma ya picha ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Picha nzima basi inakuwa 69 kwa 94. Lakini nyuso, mikono na maandishi vikae angalau milimita 3 ndani ya mstari.

3. Nukta za kutosha. Picha ya kompyuta au simu imeundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi. Kwa kadi hii ni kama 815 kwa 1,110. Kuivuta picha ndogo iwe kubwa ni kama kuongeza maji kwenye chai: kikombe kinajaa, ladha inapotea. WhatsApp nayo hupunguza picha, kwa hivyo itumeni kama dokumenti au ibebeni kwa flashi.

4. Rangi. Kioo cha simu hutumia mwanga, mashine hutumia wino wa rangi nne. Kijani kinachong'aa kwenye simu hufifia kwenye karatasi. Mwombeni mchapaji awaonyeshe mapema rangi itakavyotoka.

5. Mgongo wa kadi. Yote ifanane kabisa, la sivyo watoto watazijua kadi bila kuzifunua. Msizungushe mstari mwembamba ukingoni. Kadi ikikatwa upande kidogo, mstari huo unaonyesha kosa mara moja.

6. Moja kwanza. Kabla ya kulipa pesa zote, ombeni karatasi moja ya majaribio kwenye karatasi ngumu ile ile mtakayotumia. Gramu 300 kwa mita mraba inafaa. Ikateni, muipeleke mkutanoni. Muonyesheni mtu ambaye hakuwepo wakati wa kuchora, mumuulize tu, "Unaona nini hapa?" Msimsaidie. Akikosea, rekebisheni picha, msimlaumu yeye.

Safari ya pili tulifuata hatua hizi zote. Tulimrudia yule mzee na kadi ya majaribio. Akaisogeza karibu na dirisha, akasema, "Huyu anaosha mikono, lakini sabuni iko wapi?" Kweli, tulikuwa tumesahau kuichora. Tukaiongeza, na karatasi moja tu ndiyo iliyopotea.

Mjadili kikundini: ni tabia gani tatu za kijijini kwenu zingeleta ubishi mkubwa zaidi zikichorwa kwenye kadi? Anzeni na hizo.