Kivumishi na Kiambishi Chake: Silabi, Shadda na Mofimu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulitofautisha silabi na mofimu: silabi ni pigo la sauti, mofimu ni kipashio cha maana. Leo tutazame vivumishi vyenye viambishi awali. Wanafunzi wa Kitengela na Kajiado, ambao wengi hutumia Kiswahili, Kiingereza na Kimaasai kwa siku moja, wanastahili kufafanuliwa jambo hili waziwazi.

Tuanze na kivumishi cha Kiingereza impossible. Kina mofimu tatu: im- ya kukanusha, mzizi poss- na kiambishi tamati -ible. Silabi zake ni nne, na shadda iko kwenye ya pili. Aliyezoea Kiswahili huisogeza hadi silabi ya pili kutoka mwisho, akakosea. Mwalimu na aanze na possible, kisha aongeze im-. Mwanafunzi atasikia kwamba shadda haikuhama mahali pake.

Asili ya im- hiyo ni in-, kama katika incorrect. Mbele ya p, midomo hujiandaa kufunga, basi n hugeuka m. Sisi tunalo jambo hilohilo katika ngeli ya I-ZI: nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya.

Sasa linganisha nyumba mbaya na mtoto mbaya. Maandishi ni yaleyale, silabi si zilezile. Kwa nyumba, mb hutamkwa kwa pamoja: mba-ya, silabi mbili. Kwa mtoto, m- ni mabaki ya mu- ya kale, nayo ni silabi kamili: m-ba-ya, silabi tatu. Tukisema nyumba mpya, mzizi -pya una silabi moja tu, kwa hiyo m- yenyewe hubeba shadda.

Hata jina Kajiado lina kivumishi ndani yake. Limetokana na Olkejuado ya Kimaasai, yaani mto mrefu: ol- ni kiambishi cha jinsi ya kiume, keju ni mto, ado ni kivumishi chenye maana ya -refu. Kiambishi kimedondoka, na tunapotamka Ka-ji-a-do, shadda huangukia a, mwanzo wa kile kivumishi.

Kwa hiyo mwanafunzi akipewa neno, alikate mara mbili: kwanza kwa maana, kisha kwa sauti. Akichanganya mikato hiyo, atakosa alama hata kama neno analijua.

Juma lijalo tutaangalia viambishi tamati, ambavyo huhamisha shadda: refu huwa refusha, na possible huwa possibility.