Kumlea Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum: Hatua za Kufuata

Katika maboma mengi ya Keumbu, si ajabu kumkuta mtoto wa jamaa au wa jirani akila na kulala pamoja na watoto wa nyumbani. Mtoto akiwa na ulemavu, wanaojitokeza kumchukua huwa wachache, na mara nyingi hubaki katika makao ya watoto. Familia iliyo tayari kumpokea inaweza kufanya hivyo kupitia malezi ya kambo.

Maana yake

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaruhusu mtoto anayehitaji ulinzi kulelewa kwa muda na familia isiyo yake. Malezi haya ni tofauti na kuasili. Ikiwa wazazi au jamaa zake wataweza kumtunza salama, mtoto atarudi kwao. Mlezi halipwi mshahara.

Kutuma ombi

Ombi hupelekwa kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Afisa huchunguza mwenendo na afya ya mwombaji na hali ya nyumbani. Mtoto akishakabidhiwa, afisa huendelea kufuatilia maendeleo yake.

Kabla ya kukubali

Familia nzima ikae chini na kuzungumza. Nani atabaki na mtoto siku ya soko au wakati wa kuchuma majani chai? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda akahitaji kulishwa polepole na kufanyishwa mazoezi ya viungo kila siku. Mwenye kifafa hapaswi kukatiziwa dawa ghafla, kwani degedege zinaweza kurudi kwa nguvu. Ni heri kusema mapema "hatutaweza" kuliko mtoto kuhamishwa tena baada ya kuzoea.

Msaada uliopo

Mtoto hufanyiwa tathmini ya ulemavu hospitalini, kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mpango wa Inua Jamii hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya zilizosajiliwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Kituo cha tathmini ya elimu hushauri kuhusu shule inayomfaa. Mlezi ahifadhi hati za kukabidhiwa mtoto, kwani ndizo uthibitisho wake anapomshughulikia hospitalini na shuleni.

Anayemkuta mtoto aliyetelekezwa asimchukue kimyakimya. Amjulishe chifu, polisi au afisa wa watoto, au apige simu bila malipo kwa nambari 116.