Wimbo wa Harusi ni wa Nani?

Harusini twaimba, twapiga vigelegele, twacheza. Lakini mtunzi wa wimbo ni nani? Mara nyingi hatujui. Leo tumtazame mtunzi mmoja wa kwetu Moshi.

Jina lake ni Frank Humplick. Alizaliwa mwaka 1927. Baba yake alikuwa Mzungu, mama yake Mchagga. Frank alikuwa fundi wa gitaa. Dada zake wawili, Maria Regina na Thecla Clara, walikuwa waimbaji. Basi ndugu hao watatu wakaimba pamoja. Hawakuwa na bendi kubwa wala tarumbeta. Gitaa na sauti tatu zilitosha.

Santuri na redio

Katika miaka ya 1950 nyimbo zao zilitiwa kwenye santuri. Santuri za siku zile zilikuwa sahani nyeusi na ngumu. Juu yake kulikuwa na mfereji mwembamba uliozunguka toka ukingoni hadi karibu na katikati. Sindano ya gramafoni ilipopita humo ilitikisika, na mtikisiko huo ndio uliotoa sauti. Upande mmoja ulichukua wimbo mmoja tu, wa dakika tatu hivi. Gramafoni nyingi zilitiwa ufunguo kwa mkono. Hazikuhitaji umeme, hivyo zilifika hata vijijini. Lakini santuri ikianguka, ilivunjika kama chungu.

Redio nayo ilisaidia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Santuri moja ikipigwa redioni, watu wa mbali na wa karibu waliisikia kwa wakati mmoja.

Frank alifariki mwaka 2007. Wimbo wake "Harusi" haukuzikwa naye. Umedumu kwa sababu sauti ilihifadhiwa, na jina la mwimbaji liliandikwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri.

Na wazee wetu je?

Hapa mlimani wako wazee waliotunga nyimbo za kulima, za kubembeleza watoto na za harusi. Hawakuingia kwenye santuri. Mzee akiondoka, wimbo nao huondoka.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari, mwendee bibi au babu, mwombe akuimbie. Andika mambo manne: jina la mwimbaji, mahali, mwaka, na maneno ya wimbo. Kama una simu, nasa na sauti yake, akikubali. Lakini usiache kuandika jina. Sauti isiyo na jina ni kama gunia la kahawa lisilo na alama: likifika ghalani, nani atajua limetoka shamba gani?

Mjadiliane:
1. Kijijini kwenu nani anajua nyimbo za zamani?
2. Nani kati yenu ataziandika, na lini?