Halmashauri ya Kijiji (Tanzania)

Halmashauri ya Kijiji ni chombo cha utendaji cha serikali ya kijiji katika Tanzania Bara. Ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, ambao huchaguliwa na wanakijiji kila baada ya miaka mitano. Msingi wake wa kisheria ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982. Kwa watu wengi wa vijijini hii ndiyo serikali iliyo karibu nao kuliko zote: mpaka wa shamba uliosogezwa, ng'ombe walioingia kwenye mahindi, choo cha shule kilichojaa au barua ya kumtambulisha mtu benki, yote huanzia hapo. Tanzania Bara ina zaidi ya vijiji 12,000 vilivyoandikishwa.

Katika mazungumzo ya kila siku watu husema "serikali ya kijiji" wakimaanisha halmashauri peke yake, na pengine mwenyekiti na mtendaji tu. Kisheria sivyo. Juu ya halmashauri kuna Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkusanyiko wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na huo ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu sera na mambo makubwa ya kijiji. Mkutano Mkuu ndio unaoichagua halmashauri, na una uwezo wa kumwondoa mjumbe yeyote au hata wote. Matatizo mengi ya utawala wa vijiji hutokana na kusahaulika kwa ngazi hiyo.

Historia

Serikali ya kikoloni ilitawala vijijini kwa kupitia machifu na majumbe. Madaraka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya na miji nazo zilivunjwa katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikipa kijiji kilichoandikishwa, chenye kaya zisizopungua 250, halmashauri yake.

Halmashauri ya wakati ule haikutenganishwa na chama tawala. Mwenyekiti wa tawi la chama ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa kijiji. Hali hiyo ilibadilika baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa wenye vyama vingi ulifanyika mwaka 1994. Mabaki yake hayajaisha, kwani hadi leo wapo wanaodhani kwamba balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa serikali. Balozi ni kiongozi wa chama. Kiongozi wa serikali chini ya kijiji ni mwenyekiti wa kitongoji.

Muundo

Wajumbe wa halmashauri ni mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote vya kijiji hicho, na wajumbe wengine waliochaguliwa. Angalau robo ya wajumbe wote wanapaswa kuwa wanawake. Katibu ni Ofisa Mtendaji wa Kijiji, ambaye hachaguliwi na wanakijiji bali huajiriwa na Halmashauri ya Wilaya. Hivyo kijiji kina viongozi wawili wakuu wenye mabwana wawili tofauti. Mwenyekiti anawajibika kwa waliompigia kura, na mtendaji anawajibika kwa mwajiri wake wilayani. Wanapoelewana kazi huenda. Wanapogombana, muhuri hubaki kwa mmoja na watu hubaki kwa mwingine.

Halmashauri hukutana kila mwezi. Kazi zake hugawanywa katika kamati tatu za kudumu: ya fedha na mipango, ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Kisheria halmashauri ni mtu kamili, yaani inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa.

Jinsi jambo linavyoshughulikiwa

Mfano unaoeleweka kila mahali ni wa mifugo kuharibu mazao. Mwenye shamba humwarifu mwenyekiti wa kitongoji, naye huenda kuona kwa macho yake kabla nyayo hazijafutika. Ofisa kilimo huitwa kukadiria hasara. Mkulima na mfugaji huitwa ofisini, makadirio husomwa, na kama wakikubaliana, kiasi cha fidia na tarehe ya kulipa huandikwa na wote hutia sahihi mbele ya mashahidi. Mfugaji akikataa, kijiji hakina nguvu ya kumfunga wala kumnyang'anya ng'ombe. Mkulima huelekezwa Mahakama ya Mwanzo, na karatasi ya makadirio huwa ushahidi wake. Halmashauri si mahakama. Mgambo wanaomfungia mtu katika ofisi ya kijiji kwa siku nzima ili "akubali" wanavunja sheria, hata kama mtu huyo ana makosa.

Jambo linalogusa watu wengi zaidi, kwa mfano kukata miti kwenye chanzo cha maji, huhitaji sheria ndogo. Halmashauri huandaa rasimu, Mkutano Mkuu huijadili, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya ili iidhinishwe. Hatua hii ya mwisho hurukwa mara nyingi. Azimio lililopigiwa makofi chini ya mwembe linaonyesha nia ya wanakijiji, lakini faini inayotozwa kabla ya sheria ndogo kuidhinishwa inaweza kupingwa mahakamani.

Mambo yanayozidi uwezo wa kijiji, kama barabara au zahanati mpya, hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, kisha wilayani. Huduma ya maji nayo ina utaratibu wake. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, miradi ya maji vijijini huendeshwa na vyombo vya jamii vinavyosimamiwa na wakala wa serikali, RUWASA. Mwenyekiti anayelaumiwa kwa bomba lisilotoa maji pengine hana hata ufunguo wa pampu.

Ardhi

Hakuna eneo ambalo halmashauri ina madaraka makubwa kuliko ardhi, na hakuna ambalo madaraka hayo yana mipaka mikali zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inaipa halmashauri kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wenyewe. Mdhamini si mwenye mali. Kwa hiyo halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi wala kutoa hati ya hakimiliki ya kimila bila kibali cha Mkutano Mkuu, na katika kila mkutano wa kawaida inapaswa kueleza imefanya nini kuhusu ardhi.

Mwekezaji anapotaka ardhi ya kijiji, eneo husika hubadilishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Kama halizidi hekta 250, uamuzi wa kukubali au kukataa ni wa Mkutano Mkuu. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kuzingatia maoni ya wanakijiji. Tofauti hii ina uzito mkubwa: kwa eneo dogo kijiji kina sauti ya kuamua, kwa eneo kubwa kina sauti ya kushauri.

Kinachothibitisha kwamba mkutano ulifanyika ni muhtasari wake na orodha ya mahudhurio yenye majina na sahihi. Ndiyo maana karatasi hizo mbili zimekuwa kiini cha migogoro mingi. Orodha iliyosainiwa kwa ajili ya kikao cha chanjo ya mifugo inaweza kuambatishwa kwenye muhtasari wa kikao ambacho hakuna aliyekisikia, na shamba likawa limeondoka. Mwanakijiji ana kila sababu ya kusoma kichwa cha karatasi kabla ya kutia sahihi, na ya kudai muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwa sauti mwanzoni mwa unaofuata.

Kwa migogoro ya ardhi kati ya wanakijiji kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, angalau watatu wakiwa wanawake. Wajumbe hupendekezwa na halmashauri na kuthibitishwa na Mkutano Mkuu. Kazi ya baraza ni kusuluhisha, si kuhukumu. Asiyeridhika anaweza kwenda Baraza la Kata, na kutoka hapo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi. Hata hivyo mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake kwa kawaida hufika kwanza mbele ya watu wanaowafahamu shemeji hao tangu utoto, na hapo ndipo idadi ya wanawake ndani ya baraza inapoonyesha maana yake.

Msitu wa Duru-Haitemba

Mfano unaotajwa sana wa halmashauri za vijiji kufanya kazi ipasavyo ni wa msitu wa Duru-Haitemba, katika Wilaya ya Babati, mkoa wa Manyara (wakati huo sehemu ya mkoa wa Arusha). Ni msitu wa miombo wenye takriban hekta 9,000. Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Wanakijiji walipoona alama za mipaka waliona wananyang'anywa, na wengi wakaharakisha kukata na kulisha mifugo kabla ya kufungiwa nje. Hifadhi iliyokusudiwa kuokoa msitu ikaanza kuumaliza.

Katikati ya miaka ya 1990 mpango huo uliachwa na vijiji vinane vikapewa usimamizi, kila kimoja sehemu yake. Vijiji viliweka mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikachagua kamati za misitu zilizo chini ya halmashauri na kuteua walinzi miongoni mwa wenyeji. Kukata mkaa kulipigwa marufuku, lakini matumizi mengine, kama kuokota kuni kavu, yaliruhusiwa. Msitu ulianza kurudi. Mtindo huo uliingizwa baadaye katika Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ambayo inatambua hifadhi za misitu za vijiji.

Fedha na michango

Vyanzo vya fedha vya kijiji ni haba: ushuru mdogo, faini, mapato ya mali ya kijiji, na sehemu inayotakiwa kurudishwa na wilaya kutokana na makusanyo. Kodi ya maendeleo, maarufu kama kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Pengo hujazwa na michango. Desturi iliyoenea ni wanakijiji kusomba mchanga na mawe, kufyatua matofali na kunyanyua boma la darasa au zahanati, kisha serikali kuleta bati na kumalizia. Maboma yaliyoota nyasi yakisubiri bati yanaonekana katika mikoa mingi.

Mkutano Mkuu unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Pale ambapo taarifa husomwa na kubandikwa ukutani, michango hutolewa hata na maskini. Pasiposomwa, watu huacha kuchangia, halafu huacha kuja mkutanoni, na akidi ikikosekana taarifa haiwezi kusomwa. Mgambo huanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kukamata kuku na baiskeli za wasiochangia.

Kijiji kinapoingizwa mjini

Miji inapopanuka, vijiji vya pembezoni huingizwa katika mamlaka ya mji na kugeuzwa mitaa. Mtaa una mwenyekiti na kamati ndogo, lakini hauna madaraka ya kugawa ardhi. Kazi hiyo huhamia kwa mamlaka ya mji, nayo nafasi ya Mkutano Mkuu kuidhinisha ugawaji huondoka pamoja na kijiji. Wakazi huambiwa zaidi kuhusu barabara za lami na viwanja vilivyopimwa. Kwa sababu hiyo, kijiji kilicho jirani na mji kinachotaka kutoa hati za kimila kwa wakazi wake hulazimika kufanya hivyo mapema, mipaka ya mji ikiwa bado mbali.